Mmepo: Mti wa urembo unaouawa na mikono inayoupenda

MKENYA anayenunua nyumba katika vitongoji vya Seattle, Atlanta au London huenda akakuta mbele ya mlango wake mti mfupi, wenye matawi yaliyopindapinda na majani yaliyopasuka mithili ya vidole. Majira ya machipuko majani hayo huchomoza yakiwa mekundu au ya kijani kibichi. Ifikapo Oktoba au Novemba huwaka kama makaa, kisha hupukutika yote na mti ukasalia fito tupu hadi mwaka ufuatao.

Huo ndio mmepo wa Kijapani. Jina hilo tumelitohoa kutoka Kiingereza kwa kuwa mti wenyewe hauna asili katika nchi zetu, na mgeni huja na jina lake. Ni jamaa wa ule mti ambao jani lake limechorwa katikati ya bendera ya Kanada, ila ule wa Kanada hurefuka ukawa mti wa msitu na mbao, ilhali huu wa Japani hukuzwa kwa ajili ya urembo.

Kilichotusukuma kuuandikia makala ni kwamba mti huu, ambao ukitunzwa ipasavyo huishi kwa miongo mingi, mara nyingi hufa mapema mikononi mwa watu wenye bidii. Haufi kwa kutelekezwa. Hufa kwa kumwagiliwa maji kupita kiasi, kurundikiwa matandazo, kulishwa mbolea usiyoihitaji na kuzikwa hadi shingoni. Mkenya aliyelelewa shambani yumo hatarini zaidi kuliko jirani yake asiyewahi kushika jembe, kwa sababu yale aliyofunzwa na wazazi wake kuhusu kupanda mwembe au mparachichi ndiyo hasa yanayouangamiza mmepo.

Ili kuelewa sababu, sharti tuanze na mahali ulikotoka. Mmepo wa Kijapani humea wenyewe katika misitu ya Japani, Korea na sehemu za Uchina. Humo hauwi mti mkuu. Huishi chini ya miti mirefu kuuliko, na ni nadra kupita mita 10 kwa kimo. Jua huufikia likiwa limechujwa na matawi ya wakubwa wake. Mizizi yake haizami kwenda chini sana, bali hutambaa karibu na uso wa ardhi ikitafuta ile mboji laini ya majani yaliyooza. Mara nyingi huwa kwenye mteremko, ambako maji ya mvua hupita wala hayatuami. Kila mwaka hupitia majira ya baridi kali na kulala usingizi wa miezi kadhaa.

Kivuli cha wastani, mboji, maji yasiyotuama na usingizi wa baridi: takriban kila kosa litakalotajwa katika makala haya ni kuunyima mti mojawapo ya mambo hayo manne.

Wajapani huuita momiji au kaede. Inasemekana kwamba jina hilo la pili limetokana na maneno ya kale yenye maana ya mkono wa chura, kwa jinsi jani lilivyo na ncha tano, saba au tisa zilizotandazwa. Kwao, kutoka nyumbani kwenda kutazama majani yakigeuka rangi ni desturi ya karne nyingi, nayo huitwa momijigari, yaani kuwinda majani mekundu. Kila Novemba hekalu la Tofuku-ji mjini Kyoto hufurika watu wanaokuja kutazama mimepo iliyojaa katika bonde la hekalu hilo. Enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, watunza bustani wa Kijapani walichagua na kuzidisha aina nyingi zenye majani ya maumbo na rangi zisizopatikana msituni.

Daktari na mwanabotania wa Uswidi, Carl Peter Thunberg, aliyefika Japani mwaka wa 1775 akiitumikia kampuni ya Waholanzi iliyokuwa ikifanya biashara huko, ndiye aliyeupa mti huu jina la kisayansi, Acer palmatum, katika kitabu chake Flora Japonica cha 1784. Neno palmatum linahusu kiganja cha mkono. Mjapani aliona mkono wa chura, Mswidi akaona kiganja cha mtu. Jani ni lile lile.

Kutoka hapo mti ulienea katika bustani za Ulaya katika karne ya 19. Bustani ya miti ya Westonbirt katika eneo la Gloucestershire, Uingereza, iliyoanzishwa na Robert Holford mwaka wa 1829, ni mojawapo ya mahali ambapo mimepo ya Kijapani huwavuta watazamaji wengi kila mwaka. Nchini Marekani, J. D. Vertrees, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa na kitalu cha mimepo jimboni Oregon, alichapisha mwaka wa 1978 kitabu Japanese Maples ambacho kimerejelewa na wakuzaji tangu wakati huo. Leo kuna zaidi ya aina 1,000 zilizopewa majina.

Wingi huo ndio unaomchanganya mnunuzi. Katika kitalu, miche ya aina zote huwa midogo na hupendeza kwa kadiri moja, na mtu huchagua kwa rangi. Hata hivyo, rangi si jambo la kwanza la kuuliza. La kwanza ni ukubwa wa mti miaka kumi au ishirini baadaye. Bloodgood, wenye majani ya rangi ya damu ya mzee na ambao ndio unaopatikana kwa urahisi zaidi, husimama wima na huweza kufikia mita tano au sita. Crimson Queen hauendi juu sana, ila huinamisha matawi yake kama mwavuli na kutanda zaidi ya mita tatu. Aliyeupanda hatua moja kutoka mlangoni atakuja kulazimika ama kuukata vibaya ama kupitia mlango wa nyuma. Seiryu una majani yaliyochanikachanika kama nyuzi. Osakazuki huwa wa kijani tu miezi yote ya joto, na wageni huupuuza hadi siku unapogeuka ukawa mwekundu kuliko yote. Sango-kaku nao hupendwa kwa gome lake jekundu kama marijani, linaloonekana vyema zaidi wakati ambapo mti hauna jani hata moja.

Karibu mimepo yote yenye majina kama haya huwa imepandikizwa. Kijiti cha mti uliochaguliwa hufungwa juu ya shina la mche wa kawaida uliotokana na mbegu, vikashikana na kuwa mti mmoja. Tunalieleza jambo hili kwa sababu ya lalamiko linalosikika mara kwa mara: “Nilinunua mti mwekundu, sasa umegeuka wa kijani.” Aghalabu mti haukugeuka. Chini ya mahali palipounganishwa, lile shina la chini limechipua matawi yake lenyewe, nayo kwa kuwa yana nguvu zaidi yameufunika na hatimaye kuuua ule wa juu. Chipukizi lolote linalotokea chini ya kiungo hicho liondolewe likiwa bado changa, tena litolewe kwenye shina lenyewe, lisiachwe kisiki.

Sasa tuje kwenye upandaji, ambako ndiko maangamizi mengi huanzia.

Aliyepanda mwembe Makueni anajua kanuni. Unachimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na sentimita 60 upana, unachanganya udongo wa juu na debe la samadi, unapanda, kisha unaacha kisahani kuzunguka shina ili mvua chache zinazonyesha zikusanyike humo. Ni kanuni ya busara kwa nchi kavu na kwa mti wenye mizizi inayozama. Ukiichukua kanuni hiyo ukaipeleka Seattle, ambako mvua hunyesha miezi mingi mfululizo wakati wa baridi, umeuchimbia mmepo kaburi. Udongo uliolegezwa na samadi iliyo chini hushuka kadiri siku zinavyosonga, na mti hushuka nao. Kisahani hukusanya maji yasiyohitajika. Penye udongo wa mfinyanzi, shimo lililojazwa udongo laini huwa kama karai: maji huingia upesi na hayana pa kutokea. Mizizi hukosa hewa, huoza, na majani hunyauka kana kwamba mti una kiu. Mwenye mti akiona majani yamenyauka huongeza maji.

Shimo la mmepo liwe pana, mara mbili au tatu ya upana wa donge la mizizi, lakini lisipite kimo cha donge lenyewe. Chini kusilegezwe, ili mti ukae juu ya ardhi ngumu isiyoshuka. Udongo uliochimbwa ndio unaorudishwa. Kama ardhi ni ya mfinyanzi mzito, ni heri mti ukae juu kidogo ya usawa wa ardhi na udongo usukumwe kuuzunguka kama kituta.

Muhimu kuliko yote ni shingo. Ukiutazama mti wowote uliomea wenyewe msituni, utaona kwamba shina halizami ardhini likiwa limenyooka kama mlingoti. Hupanuka kidogo pale linapogawanyika na kuwa mizizi. Mahali hapo pa kupanuka hapana budi kuonekana juu ya udongo. Gome la shina halikuumbwa kukaa katika unyevu kama gome la mizizi, na likizikwa huanza kuoza polepole. Kibaya zaidi, mara nyingi kosa huwa limefanyika kitaluni kabla mti haujanunuliwa: mche uliohamishwa kutoka chombo hadi chombo hurundikiwa udongo juu kila mara. Kwa hivyo anayepanda asiuamini ule usawa aliouona katika chombo. Akwangue udongo wa juu kwa vidole hadi aione mizizi ya kwanza minene, na hapo ndipo pawe usawa wa ardhi.

Awapo hapo, aitazame pia mizizi iliyozunguka ndani ya chombo kama kamba. Mizizi hiyo haitajinyoosha yenyewe ikipandwa. Itaendelea kuzunguka, itanenepa, na shina nalo litanenepa, hadi siku vitakapokutana na mzizi ukalinyonga shina lake. Hilo huchukua miaka mingi. Mti huonekana mzima kabisa, kisha ncha za matawi ya juu huanza kukauka upande mmoja bila sababu inayoonekana, na wenyewe hulaumu baridi, wadudu, au jicho la jirani. Mizizi kama hiyo ikatwe au ifumuliwe siku ya kupanda. Mti ambao tayari umo ardhini na shina lake halionyeshi upanuzi wowote unaweza kuokolewa: udongo ufukuliwe taratibu kwa mkono na maji, na mizizi midogo inayolizunguka shina ikatwe kabla mti haujachipua. Ile minene iachiwe fundi wa miti, kwani kuikata yote kwa mkupuo mmoja huweza kuua.

Matandazo ni suala linaloandamana na hilo. Tabaka la maganda ya miti au majani yaliyooza, la unene wa sentimita tano hadi nane, ni rafiki mkubwa wa mmepo. Huikinga mizizi na joto la kiangazi, huhifadhi unyevu na huzuia nyasi. Lakini katika mitaa mingi ya Marekani kumezuka mtindo wa kulirundika kama kichuguu kuzunguka shina, na wanaolipwa kutunza bustani huongeza tabaka jipya kila mwaka juu ya lile la zamani. Mtindo huo hauna faida yoyote tunayoijua ila kwa muuza matandazo. Shina huzikwa tena, mizizi midogo hupanda juu kuingia katika lile rundo, na kunyongana huanza upya. Matandazo yatandazwe kwa upana, na yaachane na shina kwa upana wa kiganja.

Kuhusu maji, hakuna ratiba inayofaa kila mahali, na mwenye kukupa ratiba hakujui unakoishi. Chomeka kidole ardhini hadi kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa kukavu, mwagilia polepole na kwa wingi hadi maji yafike chini, kisha usirudi hadi pakauke tena karibu na juu. Mwaka wa kwanza na wa pili mti huhitaji kuangaliwa kila wiki wakati wa joto. Baadaye hujitegemea kwa kiasi kikubwa, isipokuwa katika ukame.

Mbolea haina umuhimu inayopewa. Mmepo hukua taratibu na hupendeza kwa sababu hukua taratibu. Ukiulisha naitrojeni nyingi, ile inayowekwa kwenye nyasi ili ziwe za kijani, hutoa matawi marefu mepesi yanayokufa baridi ikija, na majani mekundu hupoteza wekundu wake. Mboji kidogo au mbolea inayoyeyuka polepole wakati wa machipuko yatosha, na kama udongo ni mzuri hata hiyo si lazima. Mti hupenda udongo wenye asidi kidogo, kati ya 5.5 na 6.5 katika kipimo cha pH.

Kuna onyo ambalo vitabu vya bustani hulitaja kwa ufupi, lakini kwa wasomaji wetu lina uzito wa pekee. Mkenya aliyepata kipande cha ardhi ughaibuni hakawii kupanda mboga za nyumbani, na hilo ni jambo la kusifiwa. Nyanya, viazi na mabiringani, hata hivyo, huweza kushikwa na kuvu ya udongoni iitwayo Verticillium, na kuvu hiyo hiyo huishambulia mimepo. Huingia kupitia mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji. Tawi moja hunyauka ghafla katikati ya kiangazi, mwaka ufuatao jingine, na ukilikata huenda ukaona michirizi ya kijani iliyofifia ndani ya mti. Hakuna dawa ya kuiponya, na kuvu huweza kukaa udongoni miaka mingi. Kwa hivyo mmepo usipandwe mahali palipokuwa na nyanya au viazi, wala nyanya zisipandwe chini yake. Aliyekwisha kuambukizwa hukatwa matawi yaliyokufa, humwagiliwa vyema, na wakati mwingine huendelea kuishi. Akifa, mahali pake pasipandwe mmepo mwingine.

Malalamiko mengine mengi ya kiangazi si ugonjwa. Kingo za majani zikikauka na kuwa za kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni, mara nyingi ni jua la alasiri au upepo mkavu umeyanyang'anya majani maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Mti hauko hatarini, lakini umekueleza kwamba hapo si mahali pake. Aina zenye majani yaliyochanika kama nyuzi huumia zaidi.

Hapa ndipo mahali mtu anapoishi pana neno la mwisho. Seattle na Tacoma, penye ubaridi wa wastani na udongo wenye asidi, ni kama nyumbani kwao. London pia hauna taabu. Dallas, ambako joto hupita nyuzi 38 na udongo mweusi wa mfinyanzi hauna asidi, mmepo huishi tu ukipata jua la asubuhi na kivuli cha nyumba au mti mkubwa kuanzia adhuhuri. Minnesota, penye jamii kubwa ya watu kutoka Afrika Mashariki, tatizo ni kinyume chake. Aina nyingi za mmepo wa Kijapani huvumilia baridi ya zaidi ya nyuzi 20 chini ya sufuri, lakini baridi ya huko huweza kupita hapo. Anayeishi huko na kuutamani mti wa sura hiyo aulizie mmepo wa Korea, Acer pseudosieboldianum, ambao ni mgumu zaidi, na tofauti yake na wa Kijapani wapita njia wengi hawataigundua.

Wanaoishi katika nyumba za kupanga hupanda katika vyungu. Inawezekana, na mmepo ni mmoja wa miti inayokubali maisha hayo kwa miaka mingi mradi chungu kiwe na matundu na udongo ubadilishwe na mizizi ipunguzwe kila baada ya miaka miwili au mitatu. La kukumbuka ni kwamba mizizi ni dhaifu mbele ya baridi kuliko matawi. Ardhini hukingwa na udongo. Ndani ya chungu juu ya veranda haina kinga. Wakati wa baridi kali chungu kisogezwe karibu na ukuta au ndani ya ghala lisilo na joto, kamwe si sebuleni. Mti unaoletwa sebuleni kwa huruma hukosa usingizi wake.

Kupogoa kunahitaji subira kuliko makasi. Mti ukikatwa majira ya baridi yanapokaribia kwisha, utomvu huwa umeanza kupanda na hudondoka kwa siku nyingi. Wakati ufaao ni ukiwa umelala kabisa, katikati ya baridi, au katikati ya kiangazi kwa marekebisho madogo. Toa kwanza yaliyokufa, kisha yanayosuguana, kisha yanayorudi ndani. Kata nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye chimbuko la tawi, usiache kigingi, na usipake rangi wala lami kwenye kidonda. Mti hujifunga wenyewe. Anayelikata juu kama ua wa mikeyapo ili liwe duara ameununua mti asiouhitaji.

Na wekundu wenyewe hutoka wapi? Siku zinapofupika na usiku kuwa wa baridi, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayotumia jua kutengeneza chakula. Rangi za manjano ziitwazo karotenoidi zilikuwamo jani siku zote, zimefunikwa tu. Wekundu ni kitu kingine: ni anthosianini, nayo katika aina nyingi hutengenezwa upya siku hizo za mwisho kutokana na sukari iliyokwama katika jani. Mchana wenye jua na usiku wa baridi isiyogandisha huleta rangi kali. Mawingu na joto huleta rangi iliyochujuka. Ndiyo maana mti ule ule huweza kung'aa mwaka huu na kufifia mwaka ujao, na ndiyo maana aina nyekundu ikipandwa kwenye kivuli kizito hugeuka kijani.

Msomaji aliye Nairobi, Eldoret au Mombasa atauliza: na sisi je? Jibu letu ni kwamba hapa si kwake. Nairobi iko karibu na Ikweta kiasi kwamba urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, na baridi ya Julai tunayoilalamikia haitoshi kuulaza mmepo. Hata Nyandarua, ambako umande huganda baadhi ya usiku, jua la mchana hurejesha joto. Mti usiolala huchipua kwa vipande, upande huu leo na ule baada ya miezi, na hudhoofika mwaka hadi mwaka. Wakulima wa matofaa katika nchi za tropiki wanalijua tatizo hili, na baadhi yao hulazimika kuyapukutisha majani kwa mikono ili kuudanganya mti kwamba baridi imepita. Anayetamani majani mekundu ana mkungu, ambao watu wa Pwani huuona ukigeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha, pasipo baridi yoyote.

Tunasisitiza hili kwa sababu mtandaoni kuna wauzaji wa mbegu za mimepo ya Kijapani yenye majani ya buluu, zambarau iliyokoza na hata rangi za upinde wa mvua. Mmepo wa Kijapani wa buluu haupo duniani. Picha zile zimepakwa rangi kwenye kompyuta. Isitoshe, yeyote anayeingiza mmea au mbegu nchini Kenya anatakiwa kupata kwanza kibali cha shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, na sheria hiyo si urasimu mtupu. Mwaka wa 2001, katika mji wa Tukwila karibu na Seattle, mbawakawa wenye papasi ndefu walitoroka kutoka kwa mimepo midogo ya vyungu iliyoletwa kutoka Korea. Viluwiluwi vya mdudu huyo hula miti ya aina nyingi kutoka ndani, michungwa ikiwemo. Ili kuhakikisha hawakuzaana, maafisa wa jimbo la Washington walikata karibu miti 1,000 katika mtaa huo.

Mwenye mmepo wake tayari hana haja ya kununua mbegu. Huanguka mwezi wa Oktoba zikiwa na bawa dogo linalozifanya zizunguke hewani. Ziokotwe, zilowekwe usiku mmoja, zichanganywe na mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko na kuwekwa kwenye jokofu, si kwenye sehemu ya kugandisha, kwa miezi mitatu au minne. Zitakazoota hazitafanana na mama yao, wala zenyewe kwa zenyewe: mmoja utakuwa mwekundu, mwingine wa kijani, wa tatu wenye jani lililochanika. Ikae kivulini miaka miwili ya kwanza kabla ya kuamua upi wa kubaki nao.